Shajara ya mradi: kulifuata jina la Mazrui

Siku ya kwanza

Nyanya yangu mzaa mama alifariki akiwa na majina matatu kwenye kitambulisho: lake, la babake na la babu yake. La nne, ambalo mtaa mzima wa Mji wa Kale ulimjua kwalo, halikuwemo. Ofisini tulipopeleka habari za kifo, karani aliuliza jina la ukoo. Mama akajibu, "Mazrui." Yule karani akakiangalia kitambulisho, akaandika jina la babu yake Nyanya, akagonga muhuri. Mama hakubishana. Alirudi nyumbani akakaa kimya mpaka magharibi.

Mradi huu umeanzia hapo. Nimenunua daftari nene na kufungua jedwali kwenye kompyuta. Maswali yangu ni manne. Jina hili maana yake nini? Lilitoka wapi na likafikaje Mombasa? Wanaolibeba wako wapi leo? Na ni wangapi? La mwisho nimelipa wiki mbili tu, maana kuhesabu naona ni kazi nyepesi.

Wiki ya kwanza: neno lenyewe

Nimeanza na maana kwa sababu hapo kuna vitabu. Mzizi ni herufi tatu za Kiarabu, zai, rei na ain, na kazi yake ni kupanda mbegu na kulima. Kiswahili tunao mzizi huohuo katika neno la vitabuni zaraa, yaani kilimo. Kutoka hapo huja mazruu, kilichopandwa. Anayejua Kiswahili hahitaji kamusi ya Kiarabu kuliona umbo hilo: maktubu ni kilichoandikwa, majeruhi ni aliyejeruhiwa, mahabusu ni aliyefungwa, maarufu ni anayejulikana. Zote zimeshonwa kwa kipimo kimoja. Kisha huongezwa -i ya nasaba, ileile iliyo kwenye Busaidi, Barwani na Shirazi, ndipo tunapata Mazrui, mtu wa Mazrui. Kwa Kiarabu, watu wa ukoo huo wakitajwa wote pamoja huitwa Mazarii.

Binamu yangu alikuwa na hakika kwamba jina linahusiana na mazao. Ukiyasikiliza yanakaribiana, na maana nayo inaelekea kufanana, lakini mazao ni ya kwetu: zaa, zao, mazao. Ni watu wawili waliofanana sura bila undugu. Nimeiandika tahadhari hii kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu najua nitaulizwa tena.

Jambo jingine la wiki hii ni ain. Herufi hiyo hutamkwa kooni kabisa, na Kiswahili hakina nafasi yake, kwa hiyo tumeidondosha na kuacha u na i zikae pamoja. Wengine huandika Mazru'i kuikumbuka. Hiyo alama ndogo ya juu itanisumbua baadaye, tayari naiona.

Sitaandika kwamba mababu walikuwa wakulima ndiyo maana wakaitwa hivyo. Maana ya neno ni kitu kimoja, maisha ya waliobeba neno ni kitu kingine, na wa Mombasa tunaowasoma vitabuni walikuwa watu wa ngome na bunduki kabla hawajawa watu wa mashamba.

Wiki ya pili: ngome

Hii ndiyo wiki niliyolala kidogo kuliko zote.

Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Ilipoanguka, Imamu Saif bin Sultan wa nasaba ya Yarubi alimweka liwali wake, Nasir bin Abdallah al-Mazrui. Huyo ndiye Mazrui wa kwanza kwenye jedwali langu. Wareno walirudi mwaka 1728 wakafukuzwa tena 1729, na katika miaka ya 1730 akaja liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Oman ilipoingia mikononi mwa Ahmad bin Said al-Busaidi, Muhammad bin Uthman aliona kwamba utii wake ulikuwa kwa Wayarubi, nao hawapo tena, basi Mombasa ni yake. Mwaka 1746 wakatumwa watu wakamuua ndani ya ngome. Ndugu yake Ali bin Uthman akatoroka, akarudi na wenyeji na kuitwaa ngome, na kuanzia hapo Mazrui walitawala Mombasa kwa jina lao wenyewe. Kwa muda mrefu hata Pemba ilikuwa chini yao, mpaka miaka ya 1820.

Hawakutawala peke yao. Kila nilipogeuza ukurasa nimekuta Tisa Taifa na Thelatha Taifa, makundi mawili ya Waswahili wa Mombasa, wakishauriwa, wakigawanyika, wakiegemea upande huu au ule. Mazrui walioa huko, watoto wakalelewa kwa Kiswahili, na kizazi baada ya kizazi nasaba ya Kiarabu ikawa na lugha ya mama ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa wa zama hizo, alisimama upande wao dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, na silaha yake Muyaka ilikuwa mashairi. Kwangu hilo ni ushahidi mzito kuliko mkataba wowote: mji ulikuwa umewakubali kiasi cha kuwaghania.

Halafu mwaka 1837. Seyyid Said aliipata ngome baada ya miaka mingi ya kuitaka. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakubwa wenzake, wakapakiwa jahazini hadi Bandar Abbas, bandari ambayo leo iko Iran, na hawakurudi. Waliosalia waligawanyika njia mbili. Wengine walikwenda kusini, Gazi, ambayo leo iko Kwale. Wengine walikwenda kaskazini, Takaungu, ambayo leo iko Kilifi.

Nimezungusha duara kwenye 1837. Mtu akiniuliza kwa nini ramani ya jina hili ina alama tatu, Mombasa katikati, Gazi huku na Takaungu kule, jibu lote ni mwaka huo. Jina halikusambaa polepole kama wanavyosambaa watu wanaotafuta mashamba au biashara. Lilipasuliwa kwa siku chache.

Wiki ya tatu: kosa

Nimepoteza siku nne kwa kosa langu mwenyewe, naliandika ili anayekuja nyuma yangu asilirudie.

Kwenye jedwali nilikuwa na Rashid bin Salim, liwali aliyepelekwa Bandar Abbas 1837. Kisha nikakuta Rashid bin Salim aliyekalishwa kwenye kiti cha Takaungu mwaka 1895 kwa msaada wa Waingereza. Nikawaunganisha. Nikaanza hata kujieleza jinsi mtu alivyoweza kuponea gerezani na kurudi akiwa mzee sana, mpaka nikatazama miaka. Ni miaka 58 kati yao! Ni watu wawili wa matawi mawili. Wa pili ni mwana wa Salim bin Khamis wa Takaungu.

Sababu ni desturi yetu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, basi majina hurudi kila baada ya kizazi kimoja: Rashid bin Salim, Salim bin Rashid, Rashid bin Salim. Anayetafuta kwa majina mawili tu atapotea. Vita vya Mazrui dhidi ya Waingereza, vya 1895 hadi 1896, vilikuwa na Mbaruk wawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana vitabu huwatofautisha kwa mahali: Mbaruk wa Gazi na Mbaruk wa Takaungu. Yule wa Gazi, aliyekuwa mwana wa liwali wa 1837, ndiye aliyewasumbua Waingereza porini kwa miezi mingi, akavuka mpaka Aprili 1896 na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa hiyo nimeongeza alama ya nne kwenye ramani, upande wa pili wa mpaka.

Marekebisho: kila safu sasa ina nguzo nne za majina badala ya mbili, na nguzo ya mahali. Asiye na mahali haingii.

Wiki ya nne: tahajia

Nimefanya utafutaji kwa kila namna niliyoweza kufikiria: Mazrui, Mazru'i, Al-Mazrui, Almazrui, Mazroui. Halafu nikakutana na Al Mazrouei, na mlango mwingine ukafunguka. Hilo ni jina la watu wengi wa Falme za Kiarabu, hasa Abu Dhabi, na Mazarii wa huko huhesabiwa ndani ya shirikisho la makabila la Bani Yas. Herufi za Kiarabu ni zilezile, ain imo. Tofauti iko kwenye kalamu ya aliyelipeleka kwenye herufi za Kilatini: huku tuliandika tunavyotamka, kule wakaandika ou na ei.

Kwa hiyo jina ambalo Mombasa ni la ukoo mmoja unaojulikana nyumba kwa nyumba, Ghuba ni jina la kabila. Nimelitafakari hili kwa siku mbili. Ukiuliza "jina hili ni adimu?", jibu linategemea uliposimama ukiuliza.

Waliotolewa kwenye jedwali: Mazraoui wa Morocco, kama yule mchezaji wa mpira Noussair Mazraoui. Kwa Kiarabu jina lake lina wau badala ya ain, basi si jina hili. Na Mazari wa Pakistan, ambao ni kabila la Kibaluchi. Huyu wa pili alinitega kwa sababu Mombasa imekuwa na Wabaluchi tangu enzi za masultani, wakiwa askari, na mtu akikuta Mazari kwenye karatasi ya zamani ya ngome anaweza kudhani ni Mazarii. Ni lazima kuona maandishi ya Kiarabu. Herufi za Kilatini pekee hazitoshi kwa kazi hii, na sasa nasema hivyo kwa kila anayeniuliza.

Wiki ya tano na ya sita: kuhesabu

Swali lililokuwa jepesi limeniangusha.

Sensa ya Kenya huuliza kabila. Haihesabu majina ya ukoo. Nikafikiri basi nitakwenda kwa orodha ninazoweza kuzipata: wahitimu, wanachama wa vyama, matangazo ya vifo, vitabu vya simu vya zamani. Nimejaza kurasa. Lakini kadiri nilivyojaza ndivyo nilivyomkumbuka Nyanya. Asingekuwemo katika orodha yoyote kati ya hizo.

Nilikwenda kwa babu, mdogo wake Nyanya, aliyebaki peke yake katika wale saba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja na daftari lako?"

Nikamwonyesha orodha. Aliipitia kwa kidole, polepole, kisha akaniuliza, "Mimi niko wapi?"

Hakuwemo. Kitambulisho chake kina majina matatu kama cha dada yake. Akanitajia papo hapo watu wa mtaa mmoja tu, mmoja baada ya mwingine: huyu amekata jina kwenye cheti cha shule kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi tatu, yule amelirudisha alipoomba pasipoti, watoto wa yule mwingine wawili wanalo na wawili hawana, tumbo moja na baba mmoja. Nilikuwa naandika mpaka mkono ukauma.

Kisha akasema, "Na wanawake je?"

Hapo ndipo penye shimo kubwa. Kwa desturi yetu mwanamke haachi nasaba yake anapoolewa. Ni binti wa fulani bin fulani mpaka anaingia kaburini. Lakini makaratasi mengi yamemwandika kwa jina la mume, na watoto wake ni wa ukoo wa baba yao. Nyanya alizaa watoto sita na hakuna hata mmoja anayebeba Mazrui. Hiyo ni haki na ndivyo nasaba inavyokwenda, silalamiki. Ninachosema ni kwamba anayehesabu kwa karatasi atawapata wanaume wa matawi yaliyopenda kuandika jina, na atawakosa karibu wanawake wote.

Mnyororo wenyewe unaonekana vizuri kwa wale ambao historia imewaandika kikamilifu. Ali Mazrui, mwanazuoni aliyejulikana dunia nzima, alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Babake alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyezaliwa 1891, aliyeanzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi alipofariki 1947. Babu yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni wa Kisunni wakati ambapo wakubwa wa Oman na Zanzibar walikuwa Waibadhi, madhehebu mengine ya Kiislamu. Ali, Al-Amin, Ali. Jina limerudi kwa mjukuu, na Mazrui imekaa mwishoni kama fundo la uzi. Bila fundo hilo, huko Marekani alikofundisha angejulikana kwa jina la babu yake.

Sheikh Al-Amin mwenyewe aliandika historia ya Mazrui wa Mombasa, kwa Kiarabu. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1995. Nimeisoma mara mbili wakati wa mradi huu na kila mara nimeona jinsi alivyokuwa makini na nani ni mwana wa nani. Alikuwa kadhi, alijua kwamba nasaba ikikosewa urithi nao unakosewa.

Uamuzi: nguzo ya "idadi" imefutwa. Badala yake nimeweka nguzo mbili. Ya kwanza ni "analo kwenye karatasi". Ya pili ni "anatambuliwa na jamaa zake". Mtu anaweza kuwa na moja, au zote mbili.

Wiki ya saba: nguzo niliyoiondoa

Nilikuwa na nguzo nyingine tangu mwanzo, niliyoiita "damu". Nimeiondoa, na sababu yake nataka ibaki kwenye maandishi.

Takaungu na Gazi zilikuwa na mashamba, na mashamba ya pwani karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Utumwa kisheria ulikomeshwa kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla na baada ya hapo, aliyeachwa huru alihesabiwa chini ya ukoo wa aliyekuwa bwana wake, na kwa baadhi ya watu uhusiano huo uligeuka kuwa jina. Wajukuu wa watu hao wana jina ambalo babu zao walililipia kwa jasho. Mimi ni nani niwawekee alama ya sifuri?

Mama mdogo alipinga. Alisema historia ni historia, na kuficha si adabu. Nimekubaliana naye nusu. Habari za mashamba na watumwa zimeingia kwenye sura yake, waziwazi, hazijafichwa. Lakini hakuna mtu aliye hai atakayekuta jina lake kwenye jedwali langu likiwa na maelezo kuhusu damu yake. Hilo nimelifunga.

Wiki ya nane

Nimekwenda makaburini, yale ya Mazrui yaliyo karibu na ngome. Ali Mazrui alizikwa hapo Oktoba 2014, baada ya kusafirishwa kutoka Marekani alikofia. Ngome iko pale pale, na kutoka hapo hadi kaburini ni hatua chache tu. Nilisoma Fatiha. Sikupiga picha.

Nimefikiri sana kuhusu umbali huo mfupi. Watu waliopakiwa jahazini 1837 hawakupata kuzikwa hapa, na miaka 177 baadaye mtu wa ukoo wao akarudishwa kutoka ng'ambo ya bahari nyingine, akalazwa kando ya ukuta uleule. Nyanya amelala kwingine, kwa watu wa mumewe. Nilikwenda huko pia, siku hiyohiyo jioni.

Wiki ya tisa: hali ilivyo

Sura ya maana imekamilika. Sura ya asili imekamilika isipokuwa miaka ya Takaungu kati ya 1837 na 1895, ambayo ina majina mengi na mahali pachache. Ramani ina alama nne imara. Sehemu ya Ghuba nimeiacha fupi kwa makusudi, maana ni mradi wa mtu anayekaa huko.

Jedwali nimelipanga upya. Safu ya kwanza sasa ni ya Nyanya, jina lake kamili na binti katikati, kisha bin, bin, bin hadi pale babu alipoweza kufika bila kusita, na mwisho Mazrui. Kwenye nguzo ya karatasi nimeandika "hapana". Kwenye nguzo ya pili nimeandika "ndiyo". Nimemsomea mama kwa simu. Aliniomba nisome tena, taratibu, na nilipofika kwa jina la nne alinisahihisha: ni Khamis, si Hamisi.

Jumamosi nakwenda Takaungu. Babu amenipa jina la mzee wa kumwona, na amenisisitiza nichukue daftari. Simu niiache mfukoni, kwa sababu wazee wakiona wanarekodiwa huanza kuwataja masultani na kuwasahau shangazi zao.